Mimi Tayari, Vifaa Ndio Bado

Naomba tuelewane mapema: mimi sisahau vitu. Wasahaulifu nawajua, ni wale wanaotafuta miwani huku wameivaa. Mimi kitu nakiweka mahali pake, kwa mkono wangu na akili zangu timamu. Nikirudi, hakipo. Mtu aliyesahau ni mmoja, mtu aliyehamwa ni mwingine, na mimi nimehamwa na vifaa vya mazoezi.

Mbona sufuria haipotei? Mbona pasi iko pale pale miaka nenda rudi, na hakuna siku imeaga? Rimoti inazurura kidogo, sikatai, lakini ukiinua mto unaikuta imejikunyata. Sasa nunua glavu za baiskeli Jumamosi, uje unisimulie Jumatano.

Zamani mtu akitaka mazoezi alikuwa anatoka nje anakimbia, basi. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa peku, kilomita 42 na ushei kwa saa 2 na dakika 15, na rekodi ya dunia juu. Viatu vipya havikumkaa vizuri, akaachana navyo. Hebu fikiria raha ya yule mtu siku ile: hana soksi ya kutafuta! Mimi nikikosa soksi moja, ya pili inaniangalia tu na safari imeahirishwa mpaka kesho. Maana siku hizi kabla hujatoa jasho unatakiwa uwe na helmeti, glavu, miwani, chupa ya maji na kifuniko chake (kifuniko kina ratiba yake binafsi), taa ya mbele, taa ya nyuma, chaja ya taa ya nyuma ambayo haifanani na chaja nyingine yoyote ulimwenguni, pampu, tyubu ya akiba, viraka, kufuli, ufunguo wa kufuli. Mtu anakuuliza, mbona huna mwili wa mazoezi? Mwili utatoka wapi na mimi bado nahesabu mzigo?

Lakini mbabe wa wote ni kidude cha valvu.

Kama baiskeli yako ina valvu nene kama ya gari, shukuru Mungu na uende zako. Sisi wa matairi membamba tuna ile valvu ya milimita 6, yenye kinati kidogo kwenye ncha ambacho lazima ukilegeze kwanza ndipo upepo ukubali kuingia. Pampu yangu, ya kawaida kabisa, mdomo wake ni wa valvu nene, milimita 8. Milimita 2 tu ndizo zinazonitenga na amani ya moyo. Ili wawili hawa wakutane unahitaji kidude cha shaba, kifupi kuliko kucha ya dole gumba, kina hesi ndani na hesi nje. Unakizungusha juu ya valvu, valvu inajiona nene, pampu inadanganyika, upepo unaingia. Kazi nzuri sana, sina ubaya nacho kikiwepo.

Shida ni kwamba aliyekibuni alikusudia kipotee. Rangi yake ni ya vumbi. Kikianguka hakilii kama chuma cha heshima, kinatoa kasauti kamoja, "ti", halafu kinajiviringisha kwenda unakokujua wewe ukiwa umelala kifudifudi tu. Na hakijawahi kupotea siku ya mapumziko. Kinasubiri wenzako wawe wameshafika mlipopanga kukutana na wanapiga simu kwa zamu.

Msiniambie niende hivyo hivyo. Tairi jembamba linataka paundi 80 hivi kwa kila inchi ya mraba, wakati la gari dogo linatosheka na thelathini na kitu, na hilo jembamba hata bila pancha linapungua lenyewe kidogo kidogo kila siku. Ukitoka nalo limelegea, ukakutana na shimo, rimu inaibana tyubu na kukuachia matundu mawili yaliyopangana kama umeng'atwa na nyoka. Sasa hapo utahitaji viraka. Na viraka viko wapi? Viko pamoja na kidude, huko huko waliko, wanapiga soga.

Kwa hiyo picha ndiyo hii: mtu mzima, bukta imembana na sponji imetuna kwa nyuma, fulana ya rangi inayoonekana mpaka mwezini, shavu liko sakafuni, mkono mmoja umeshika simu inamulika chini ya kabati. Hapo ndipo mama watoto anapopita.

"Umepoteza nini tena, baba watoto?"

"Sijapoteza. Natafuta."

"Mara ya mwisho ulikiweka wapi?"

Jamani! Hivi swali hili lina faida gani kwa binadamu? Ningekuwa najua mara ya mwisho nilikiweka wapi, ningekuwa nimelala chini hapa kwa sababu gani, napima ubaridi wa sakafu? Lakini huwezi kumjibu hivyo mama watoto, hasa ukiwa umevaa bukta ile. Unasema, "Nilikiweka mahali pake." Anakwenda dirishani, hata hainami, anarudi nacho kwenye kiganja. "Si hiki?"

Nilikuwa nimeangalia dirishani. Nimeangalia, nimepapasa, na nimemulika. Hakikuwepo. Ninachoamini mimi ni kwamba vitu vya humu ndani vinamwogopa yeye. Akiingia chumbani vinarudi vilipotoka.

Na wapo wasomi walio upande wangu, msidhani najitetea peke yangu. Mwaka 2011, Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walitoa utafiti wao kuhusu milango. Waliona kwamba mtu akivuka mlango kuingia chumba kingine, anasahau zaidi alichokuwa amebeba au amekusudia kuliko akitembea umbali ule ule ndani ya chumba kimoja. Ubongo ukiona mlango, unafunga faili la chumba cha nyuma. Mnaona? Kumbe mkosaji ni fundi seremala. Baadaye, mwaka 2021, wengine wa Australia wakarudia jaribio wakasema milango yenyewe haina makuu, shida inajitokeza kichwa kikiwa kimejaa mambo mengine. Sawa. Changu kimejaa. Nikiwa naelekea kuchukua glavu kinawaza helmeti, nikifika kwenye helmeti kinawaza funguo, na kati ya hapo kuna milango minne.

Helmeti yenyewe ni kituko. Utasema dude kubwa vile, gumu vile, litapotelea wapi? Linapotea vizuri tu. Na bila helmeti sitoki, hilo halina mjadala. Tangu mwaka 2003, alipoanguka na kufariki Andrey Kivilev wa Kazakhstan kwenye mashindano ya baiskeli ya Paris–Nice, waendeshaji wa kulipwa wamewekewa sheria ya kuivaa. Ila sheria haisemi nyumbani ikae wapi. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliianza siku ya mwisho ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, akiwa mbele ya Greg LeMond kwa sekunde 50. LeMond akaja na helmeti ya kukata upepo na usukani maalumu wa kuegemea, Fignon akaja kichwa wazi, nywele kafunga mkia. Baada ya kilomita zaidi ya 3,200, Fignon akalikosa taji kwa sekunde 8. Watu hadi leo wanasimulia zile sekunde 8 kwa majonzi. Mimi sekunde 8 nazimaliza nikiwa bado navuta mlango wa kabati uliokwama.

Basi tuseme Mungu kajalia, kila kitu kimepatikana, umepanda baiskeli, unakwenda nayo kazini, mwili unachemka, unajiona kijana. Hayo ndiyo matatizo ya ngazi ya pili. Nilifika ofisini nimelowa, nikaingia bafuni, nikaoga, nikafungua begi. Shati lipo, limekunjwa kwa adabu. Mkanda upo. Suruali haipo.

Nikautoa mkanda nikauangalia. Sasa wewe umekuja kufunga nini?

Viatu vya ofisini navyo vilikuwa vimebaki na suruali, maana vile ni marafiki. Mama watoto akanitumia picha: suruali imelala kitandani, imenyooshwa, haina habari. Nikakaa kwenye meza yangu nusu mtumishi nusu mwanamichezo, shati la mikono mirefu juu, bukta ya sponji chini, nikaomba siku ipite bila mtu kuniita. Haikufika hata saa nne. "Mzee anakuita."

Viatu vyangu vya baiskeli vina kile kipande cha chini kinachonasa kwenye pedali. Kwenye pedali ni raha, kwenye sakafu ya vigae ni balaa: ka, ka, ka, ka, korido nzima inageuka kuangalia farasi anakwenda wapi. Nikabisha hodi, nikaingia, nikasema, "Shikamoo, mzee." Akainua macho. Akaanza na kola, akashuka kwenye vifungo, akafika katikati, akasimama hapo.

"Marahaba," akasema taratibu. "Mashindano ni lini?"

Kuhusu viatu hivyo, nina jambo moja la kumtetea Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi. Tarehe 14 Julai 2016, akiwa kwenye Tour de France, wakipanda mlima Ventoux, umati uliziba njia, pikipiki ikasimama ghafla, wakagongana, baiskeli yake ikavunjika. Gari la timu liko mbali huko nyuma. Jamaa akaanza kupandisha mlima kwa miguu, mbio, na jezi ya njano ya anayeongoza mwilini na viatu vyake vya ka-ka-ka. Baadaye akapewa baiskeli ya msaada, pedali na viatu vikakataana. Dunia nzima ilicheka. Mimi sikucheka, nilisimama kwa heshima. Na tena yeye afadhali: baiskeli ilikuwa imevunjika, lakini ilijulikana iko wapi.

Jimu nako usinitajie. Kule kitu kinachonihama ni kufuli la kabati. Bila kufuli, inabidi ufanye mazoezi huku umebeba kila kitu: simu kwenye soksi, funguo kwenye meno, pochi chini ya taulo. Siku kufuli likiwepo, taulo halipo, na kujikausha kwa fulana uliyotokea nayo jasho ni kazi isiyo na mwisho. Tupite.

Watu wenye nia njema wanasema, andika orodha. Wananikumbusha marubani. Ni kweli, tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka pale Wright Field kwa sababu kifungio cha usukani kilikuwa hakijafunguliwa kabla ya kuruka, wawili wakapoteza maisha, na tangu hapo marubani wakawa wanasoma orodha kabla ya kuondoka. Nikasema, kama imewafaa wa ndege, ya baiskeli itashindwaje? Nikaandika moja safi, nikaibandika mlangoni. Helmeti, glavu, kidude, suruali (nikaipigia mstari). Mtoto akaibandua kuchora samaki upande wa nyuma. Samaki mzuri, siwezi kusema uongo, ana mapezi na kila kitu, mama yake kamhifadhi kwenye faili la picha zake. Kwa hiyo orodha haijapotea, ila kuisoma ni mpaka nimwombe ruhusa msanii.

Halafu kuna saa ya mkononi, ile inayohesabu mapigo ya moyo kwa taa za kijani. Hii haipotei, iko mkononi. Inachopoteza ni chaji. Unapanda kilima hadi unaona nyota mchana, unaitazama, kioo cheusi. Wenzako wa mazoezi wanasema kama saa haikurekodi, hukupanda. Miguu inatetemeka, mapafu yanawaka, lakini ushahidi hakuna, kesi imefutwa.

Sasa nimekuja na mbinu ya kununua kila kitu viwili viwili. Mama watoto anasema ni kuongeza wakimbizi, mimi nasema ni akiba. Na kwa sehemu imefanikiwa: vidude vya valvu sasa ninavyo kadhaa, vyote viko humu ndani ya nyumba, hilo nina hakika nalo. Tatizo ni glavu. Nimechunguza nikagundua inayohama ni ya kulia peke yake. Simu ikiita barabarani, unavua mkono wa kulia ili uipokee, unaibana glavu kwapani, unaongea, unacheka, unaondoka. Ya kushoto haivuliwi, inarudi nyumbani salama. Kwa hiyo droo yangu imejaa za kushoto tupu, za vidole virefu na za vidole vifupi, nyingine hazijawahi hata kuona jua.

Sasa, mahali fulani lazima yupo ndugu yangu anayepokea simu kwa mkono wa kushoto. Kama unasoma hapa, hizo za kulia usizitupe, tuwasiliane tubadilishane. Saizi ya kati. Rangi sichagui.