Mitishamba Nayo Ina Kemikali

Ukiulizia dawa ya kienyeji hapa Malindi, hukawii kuambiwa: "Hii ni mitishamba, haina kemikali." Naipinga kauli hiyo, na naipinga kwa kuwa naithamini mitishamba. Kemikali zilizomo ndizo zinazotibu.

Kwinini, iliyotibu malaria kwa zaidi ya karne, hutoka kwenye gome la msinkona. Wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820. Ni alkaloidi, yaani moja ya viambata vyenye naitrojeni ambavyo mmea hujitengenezea. Vingi ni vichungu, na vingi huutikisa mwili hata kwa kiasi kidogo. Nikotini ya tumbaku imo kundini, na kafeini ya kahawa ya barazani pia.

Sasa tazama mshubiri, ulioota nyuani kwetu. Ukilikata jani, chini tu ya ganda hutoka utomvu wa manjano, mchungu kwelikweli. Katikati mna ute mwangavu. Ute ndio unaopakwa kwenye ngozi iliyoungua. Utomvu una aloini, ambayo huuchochea utumbo na kuharisha, na mama mjamzito hushauriwa asiunywe. Anayekwambia "kunywa shubiri" bila kusema ipi hajakupa dawa bado.

Jina kamili la mti nalo lina kazi yake. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Anaye ndugu wa kufanana naye, Melia azedarach, ambaye matunda yake ni sumu. Vijani vya mwarobaini hupangika moja kwa moja kwenye kikonyo kikuu. Vya Melia hukaa kwenye vikonyo vidogo vinavyochipuka kutoka kile kikuu. Na hata mwarobaini wenyewe una mipaka: kuogea majani ni jambo moja, kumnywesha mtoto mchanga mafuta ya mbegu zake ni jambo jingine kabisa. Mafuta hayo yamewahi kuwatia watoto degedege, na wengine wamekufa.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wetu waandike kwenye kila pakiti jina kamili la mmea, sehemu iliyotumika na kiasi cha kunywa. Wengi wao wanayajua haya vizuri, ila hawajazoea kuyaandika. Na wauguzi wanaowakaripia wagonjwa kwa kutumia mitishamba, tafadhalini, ulizeni kwanza ni mti gani, sehemu gani, kiasi gani. Mgonjwa akishakaripiwa, siku nyingine atanyamaza, nanyi mtamwandikia dawa bila kujua amekunywa nini asubuhi.