Malipo ya Bima kwa Upasuaji wa Mifupa Yawekwe Wazi, Hata Kwetu Mtwara

Hapa Marekani, ninakofanya kazi ya kuandaa madai ya bima katika kliniki ya upasuaji wa mifupa, mtu yeyote anaweza kufungua tovuti ya serikali akaona daktari fulani amelipwa kiasi gani kwa mwaka na Medicare, bima ya umma inayowahudumia hasa watu wenye miaka 65 na zaidi. Uwazi huo haukuja kwa hisani. Mwaka 1979 vyama vya madaktari vilipata zuio la kuchapishwa kwa malipo hayo katika mahakama ya Florida, nalo likadumu hadi 2013, lilipoondolewa kwa shauri la wamiliki wa gazeti la Wall Street Journal. Aprili 2014 zikatoka takwimu za malipo ya mwaka 2012: dola bilioni 77 kwa watoa huduma zaidi ya 880,000.

Takwimu hizo zikisomwa harakaharaka hupotosha. Malipo ya daktari kwa goti bandia hujumuisha upasuaji pamoja na kumwona mgonjwa kwa siku 90 baadaye, ilhali goti lenyewe limo katika malipo ya hospitali. Na daktari anayechoma sindano za dawa ghali huonekana tajiri kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa imeishia kununulia dawa. Wala huku si peponi, kwa sababu mgonjwa hubeba asilimia 20 ya gharama ya daktari, na asiye na bima ya nyongeza hana kikomo cha kumlinda.

Hata hivyo, jirani yangu mzee aliyewekewa goti alipata barua yenye safu za kiasi kilichodaiwa, kilichokubaliwa, kilicholipwa na anachodaiwa yeye. Aliipitia kwa kalamu, mstari kwa mstari, akapiga simu kuulizia zoezi la viungo ambalo hakulihudhuria.

Binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Mtwara, hukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania. Alipovunjika paja kwa ajali ya bodaboda alitia sahihi fomu ya madai bila kuona jumla yake, kisha ndugu wakaambiwa waongeze fedha za vyuma vya kuunganishia mfupa, kwa mdomo tu, na kesho yake bei ikawa nyingine. Mpaka leo hajui kama bima nayo ililipia vyuma hivyo hivyo. Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikilalamikia bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko huo hulipia, mabishano yote yalipita juu ya vichwa vya watu kama yeye.

Kwa kuwa sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, NHIF ingechapisha kila mwaka malipo ya upasuaji wa mifupa kwa kila hospitali, ikitenganisha kazi ya daktari, vyuma na wodi, na kutaja mkoa anakotoka mgonjwa. Wapo watakaosema kwamba orodha hiyo itawakimbiza mabingwa wachache wanaokubali kuja Kusini. Naona kinyume chake: itaonyesha ni fedha kiasi gani za mifupa ya watu wa Lindi na Mtwara zinalipwa Dar es Salaam, na kwa hesabu hiyo mkononi wabunge wetu wataweza kudai mabingwa na vyuma vya kutosha katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini.