Lililo Mkononi Mwako na Lililo Mikononi Mwetu

Katika mafundisho ya kale yanayozunguka siku hizi kwenye simu zetu, machache yanasambazwa kama hili: yapo mambo yaliyo katika uwezo wako na yapo yasiyo katika uwezo wako, shughulika na hayo ya kwanza, ya pili yaache. Linawekewa picha ya sanamu ya mzee mwenye ndevu na muziki wa huzuni, kisha linatumwa kwenye grupu la WhatsApp alfajiri na mtu ambaye jioni atagombana na kondakta kwa ajili ya chenji. Mwenye maneno hayo ni Epictetus, na kumjadili bila kujua alikotoka ni kumwonea.

Alizaliwa katika karne ya kwanza huko Hierapolis, mji ambao magofu yake leo yako Uturuki, akawa mtumwa. Bwana wake, Epaphroditus, alikuwa katibu wa Kaisari Nero. Alichechemea mguu mmoja. Alipopata uhuru alifundisha falsafa Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa. Akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule huko. Mwenyewe hakuandika kitu. Tulicho nacho kiliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Alikuwa Mstoa, mfuasi wa madhehebu ya falsafa yaliyoanzia Athens zaidi ya miaka 300 kabla yake. Katika hesabu yake, yaliyo yetu ni fikra zetu, matamanio yetu na yale tunayoamua kuyakwepa. Mwili si wetu. Wala mali, wala jina zuri, wala cheo. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa anaposema mwili si wake, hapambi maneno. Kisheria, mwili wake uliwahi kuwa mali ya mtu mwingine.

Sasa, je, dawa iliyochemshwa katika hali ile inamfaa mtu wa leo mwenye mkopo wa simu, bosi asiyejibu ujumbe na ada ya shule inayokaribia?

Kwa sehemu kubwa inamfaa, na si kwa kubahatisha. Epictetus alisema watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na wanavyoyachukulia mambo hayo. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mmarekani Albert Ellis alijenga tiba yake juu ya wazo hilo, na alimtaja mzee huyo waziwazi. Aaron Beck, daktari wa akili aliyekuja na tiba inayofanana na hiyo katika miaka ya 1960, aliandika na wenzake mwaka 1979 kwamba mizizi ya kifalsafa ya kazi yao iko kwa Wastoa. Tiba hiyo leo inatumika duniani kote kwa wenye sonona na wasiwasi. Namna inavyofanya kazi si ya kutisha. Umemwandikia bosi, tiki mbili za bluu zimetokea, jibu hakuna. Kufikia saa nne usiku umeshajifukuza kazi mwenyewe. Mtaalamu anakuuliza: ushahidi uko wapi? Kuna maelezo gani mengine? Na hata likitokea unaloliogopa, utafanya nini hatua ya kwanza? Mara nyingi donge linashuka.

Wanaotetea falsafa hii humtaja sana James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani. Ndege yake iliangushwa Vietnam Kaskazini Septemba 1965, akavunjika mguu, akafungwa katika gereza la Hoa Lo, Hanoi, kwa zaidi ya miaka saba. Miaka kadhaa kabla, akisoma Chuo Kikuu cha Stanford, profesa mmoja alikuwa amempa kijitabu cha Epictetus. Stockdale alisimulia kwamba alipokuwa akishuka na parachuti alijiambia anaiacha dunia ya teknolojia na kuingia dunia ya Epictetus. Aliteswa, alifungiwa peke yake kwa miaka minne, akatoka akiwa na akili zake timamu. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba falsafa yake ni mapambo ya mitandaoni. Nitamrudia, kwa sababu kisa chake kina sehemu nyingine isiyosemwa sana.

Kwa masikio ya pwani mafundisho haya hayana ugeni mkubwa. Epictetus anasimulia abiria wa jahazi lililotia nanga: umeshuka kuteka maji, ukiokota kombe njiani hakuna ubaya, lakini sikio lako libaki kwa nahodha, na akiita uviache vyote ukimbie. Karne ya tisa, mwanafalsafa Al-Kindi wa Baghdad alikiandika kisa hicho kwa upana katika risala yake ya kuondoa huzuni: abiria waliobeba maua na mawe ya kisiwani wanarudi wanabanana, mizigo inaoza, safari inakuwa taabu. Aliyekulia kwenye mawaidha ya dunia mapito hahitaji kufafanuliwa hapo. Ila muumini anayeliacha jambo analiacha kwa Mola anayesikia dua. Mstoa analiachia mpango wa ulimwengu, ambao ana imani nao lakini haubembelezi. Si kitu kimoja, ingawa tunavichanganya kila siku.

Shida yangu na fundisho hili haiko kwenye utulivu wake. Iko kwenye mstari. Nani anauchora mstari kati ya yaliyo katika uwezo wangu na yasiyo katika uwezo wangu? Ukiuchora ukiwa peke yako, karibu kila kitu kinaangukia upande wa pili. Mgao wa umeme siuwezi. Nauli siiwezi. Mshahara uliokaa miaka kadhaa bila nyongeza siuwezi. Kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni sikiwezi. Nimebaki na pumzi yangu na mtazamo wangu. Na yupo anayefurahi sana nikibaki hapo. Mwajiri anayeleta mhamasishaji kuwafundisha wafanyakazi kudhibiti msongo, huku malipo ya saa za ziada hayajalipwa, ameielewa falsafa hii kuliko tunavyodhani. Ameshika nusu inayomfaa.

Hata kale ilikuwa hivyo. Seneca, Mstoa tajiri wa Roma, aliandika barua nzuri sana akimsihi rafiki yake awatendee watumwa kama binadamu, ale nao meza moja. Hakudai utumwa ufutwe. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia jinsi adui mmoja wa Seneca alivyomsuta: ni hekima gani na falsafa gani zilizomwezesha kukusanya sesterce, sarafu za Kirumi, milioni 300 ndani ya miaka minne ya urafiki na Kaisari Nero? Mwenye maneno hayo, Suillius, naye hakuwa mtu safi. Lakini swali lilimpata Seneca pabaya, na bado linawapata wanaofundisha kuridhika kwa kiingilio kikubwa.

Watetezi wana jibu, na ni jibu zito. Mstoa wa kweli, wanasema, si mtu wa kujikunyata. Kaisari Marcus Aurelius alijiandikia kwamba lisilofaa mzinga halimfai nyuki. Na Epictetus mwenyewe anamsifu Helvidius Priscus, mbunge wa Baraza la Roma. Kaisari Vespasian alimtumia ujumbe asihudhurie kikao. Helvidius akajibu: ni juu yako kuniondoa kwenye Baraza, lakini maadamu mimi ni mjumbe, sina budi kuja. Basi njoo unyamaze, akasema Kaisari. Usiniulize rai yangu nami nitanyamaza. Lakini mimi lazima nikuulize. Nami lazima niseme ninaloona ni haki. Ukisema nitakuua. Lini nilikwambia kwamba mimi sifi? Wewe utafanya la kwako, nami la kwangu.

Ukisoma hayo unaona wazi kwamba ile picha ya sanamu yenye muziki imeacha jambo kubwa nje. Haki ilikuwa moja ya fadhila nne za Wastoa, si nyongeza. Bado, tazama Helvidius yuko na nani. Yuko peke yake. Aliuawa akiwa na heshima yake kamili, na Vespasian akaendelea kutawala. Katika mazungumzo yale kuna mimi na kuna wewe, sisi hayumo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi. Juni 2024 nchini Kenya, kodi zilizopendekezwa katika Muswada wa Fedha zilikuwa nje kabisa ya uwezo wa kijana mmoja mmoja. Epictetus angezipanga pamoja na mvua na homa. Vijana walipoingia barabarani kwa maelfu, tarehe 25 waandamanaji wakafika ndani ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Watu waliuawa, na sitaki kulisimulia kama ushindi mtamu. Ninachosema ni kwamba mstari ulihama, na haukuhamishwa na mtu aliyetulia peke yake chumbani.

Hata Stockdale. Wafungwa wa Hoa Lo walikuwa wakigongeana ukutani: herufi zilipangwa kwenye jedwali la mistari mitano na safu tano, unagonga namba ya mstari, kisha namba ya safu. Kwa kugonga huko walijuana majina, wakapeana amri na kutiana moyo. Aliyetoka kuteswa akiwa amesema asichotaka kusema, akajiona msaliti, aligongewa na jirani kwamba nao yamewapata. Stockdale alitunga taratibu za kufuatwa na wote. Kijitabu kilimsaidia, hilo alilisema mwenyewe na namwamini. Lakini kijitabu hakikugonga ukuta.

Kuhusu hasira, Wagiriki na Warumi wenyewe hawakuelewana, jambo linalosahaulika mtu anaposema "wahenga wa kale walisema" kana kwamba waliketi kikao wakapiga kura. Seneca aliiita hasira wazimu wa muda mfupi, akataka ing'olewe yote. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyemtangulia, alishikilia kwamba asiyekasirika pale inapopasa ni mjinga. La muhimu ni kumkasirikia anayestahili, kwa kiasi, kwa wakati wake. Mimi barabarani niko na Seneca: dereva aliyekuchomekea hajui hata kama upo. Lakini ofisi inapompotezea mjane faili lake kwa mara ya nne mpaka atoe kitu kidogo, naona Aristotle ana haki, na atakayemshauri mama huyo avute pumzi ndefu ajipange upya amemkosea mara ya tano.

Palipo pagumu zaidi ni msibani. Epictetus anasema ukimbusu mwanao jikumbushe kwamba unambusu binadamu, kiumbe cha kufa, ili akifa usifadhaike. Na ukimkuta mtu analia msiba, muoneshe huruma kwa maneno, hata gumia naye ikibidi, ila angalia usigumie moyoni. Lisome shauri hilo ukiwa umetoka kwenye matanga. Watu wamelala kwenye mikeka, akina mama wako jikoni na masufuria makubwa, daftari la rambirambi linazunguka, wazee wanapiga soga za marehemu mpaka aliyefiwa anacheka bila kupenda. Yule jirani aliyekuja na huruma ya mdomoni, ndani akiwa mkavu kama alivyofundishwa, ana nafasi gani pale? Matanga yanamruhusu mtu aanguke kwa sababu wa kumshika wapo. Mstoa anamtaka asianguke, labda kwa kuwa katika hesabu zake hakuweka mtu wa kumshika.

Nikubali kwamba shauri lile lina wenyewe. Muuguzi wa wodi ya watoto, au mwosha maiti, hawezi kugumia moyoni kila siku na kesho arudi kazini. Na matanga nayo yana fedheha zake: yapo ya kuoneshana, yapo yanayomwacha aliyefiwa na deni la mchele na maturubai. Hata hivyo, walimu wenyewe hawakuyaweza waliyoyafundisha. Seneca alimwandikia Marcia, aliyekuwa akimlilia mwanawe kwa mwaka wa tatu, akamtaka afikie kikomo. Miaka ya baadaye, katika barua ya kumliwaza Lucilius aliyefiwa na rafiki, alikiri kwamba yeye anayeandika hayo alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi, huzuni ikamshinda. Kwangu ukiri huo una thamani kuliko ushauri ulioutangulia.

Kuna zoezi moja la Wastoa ambalo sioni likisambazwa, pengine kwa kuwa halina picha nzuri. Seneca analieleza katika maandishi yake kuhusu hasira. Usiku taa ikishaondolewa, na mkewe aliyeijua tabia yake akishanyamaza, alikuwa akiipitia siku yake yote bila kujificha kitu. Baadhi ya mifano anayoitoa ni hii. Katika ubishi ule ulisema kwa ukali mno. Yule uliyemwonya ulimwonya kwa ufidhuli, kwa hiyo hukumrekebisha, ulimuudhi tu. Safari nyingine usiangalie tu kama unachosema ni kweli, angalia pia kama unayemwambia anaweza kuubeba ukweli huo. Kila alilojiuliza lina mtu mwingine ndani yake.