Pete ya Quaoar: Je, Mpaka wa Roche Umevunjika?

Mwalimu mwenzangu wa fizikia hapa Dodoma anashikilia kwamba mpaka wa Roche haufai tena kufundishwa, na hoja yake ni Quaoar, gimba la barafu lenye kipenyo cha takriban kilomita 1,100 linalozunguka Jua ng'ambo ya Neptuni. Mpaka huo, uliokokotolewa na Mfaransa Édouard Roche mwaka 1848, ni umbali ambao ndani yake mvuto wa gimba kubwa huvitawanya vipande vinavyolizunguka. Nje yake vipande hivyo hutarajiwa kukusanyika na kuwa mwezi. Kwa Quaoar ni kama kilomita 1,780, lakini pete iliyotangazwa mwaka 2023 iko kilomita 4,100 kutoka kitovuni.

Vipimo sivitilii shaka. Vilitokana na nyota kufifia zilipopitiwa mbele na Quaoar na pete yake, na miongoni mwa walioshuhudia ni darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, zilizojengwa, ajabu ni kwamba, kwa ajili ya miali ya gama, yenye nishati kubwa kuliko nuru ya kawaida. Baadaye ilionekana pete ya pili, kwenye kilomita 2,520 hivi, nayo nje ya mpaka.

Hata hivyo, kanuni haijaanguka. Matarajio ya mwezi nje ya mpaka huchukulia kwamba vipande vikigusana hushikana, ilhali katika baridi ya nyuzi 230 hivi chini ya sifuri yaelekea chembe za barafu hudunda kama goroli. Mchanga wa makorongo yetu wakati wa kiangazi haufinyangiki hata ukiukandamiza vipi, ingawa nakiri kwamba hapo kinachokosekana ni maji, si joto.

Mwenzangu ana jibu zuri: chembe zinazodunda zingesambaa, basi kwa nini pete ni nyembamba? Hapa ndipo unapoingia uwiano wa mizunguko. Pete huzunguka karibu mara sita wakati Weywot, mwezi wa Quaoar, unazunguka mara moja, na mara moja wakati Quaoar yenyewe inajizungusha mara tatu. Misukumo hiyo inayojirudia yaweza kuzichunga chembe zisitawanyike. Lakini uwiano peke yake hauzizuii kushikana, kwa hiyo naona maelezo yote mawili yanahitajika.

Pete za Chariklo na Haumea, magimba mengine madogo yaliyo mbali na Jua, nazo ziko karibu na uwiano huo wa moja kwa tatu, ila zenyewe hazikuuacha mpaka wa Roche mbali kiasi hiki. Kwangu mimi, uwiano ndio unaochagua mahali pa pete, na mpaka unabaki kuuliza kwa nini chembe hazishikani, swali ambalo kwa Quaoar linajibiwa na baridi.