Rusty Bowers na kiapo chake

Tangu Rusty Bowers alipotoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza uvamizi wa Bunge hilo wa Januari 6, 2021, Juni 2022, nimekuwa nikirudi kwenye habari zake, na kila mara naona tumemsahau mapema mno.

Kisiasa, mimi naye hatupatani. Ni mhafidhina hasa: Mrepublikan, Mmormoni, mpinzani wa utoaji mimba, aliyeingia Bunge la jimbo la Arizona mara ya kwanza mwaka 1993 na kukalia kiti cha Spika mwaka 2019. Mwaka 2020 alimpigia Donald Trump kampeni, na kura akampa. Uzito wa kisa chake uko hapo: aliyemkatalia Trump ni mwana wa nyumba ileile.

Jumapili moja ya Novemba ndiyo kwanza anarudi na mkewe kutoka kanisani, simu ikaita ndani ya gari. Alikuwa Rudy Giuliani, wakili wa Trump, kisha Trump mwenyewe. Biden alikuwa ameshinda Arizona kwa kura 10,457, nao, wakidai wizi wa kura na hata kura za marehemu, wakataka Bunge la Arizona liwaondoe wajumbe 11 wa Biden, yaani wale wanaopiga kura rasmi za urais kwa niaba ya jimbo, na kuwaweka wa Trump. Bowers akaomba majina ya hao marehemu waliodaiwa kupiga kura. Majina hayakuja. Akawaambia wanamtaka avunje kiapo, na kwa imani yake Katiba imevuviwa na Mungu.

Gharama aliilipia nyumbani. Jumamosi baada ya Jumamosi watu walifika mtaani kwake na magari ya vipaza sauti na skrini, wakimwita mnajisi wa watoto. Ndani, binti yake alikuwa mahututi, na kelele zile zilimtesa. Alifariki Januari 2021. Nikifika hapo huwa naweka simu chini. Ni siasa gani hii inayomfuata mgonjwa hadi kitandani?

Ninalolipenda zaidi lilitokea 2022, tena bila hotuba. Mwenzake wa chama alileta muswada wa kuliruhusu Bunge kuyakataa matokeo ya uchaguzi. Spika ndiye anayeamua muswada uende kamati ipi. Bowers akaupeleka kwenye kamati zote 12. Aliyewahi kufuatilia kazi za bunge alielewa papo hapo: muswada unaotakiwa kupita kamati zote hizo umezikwa.

Wapo wanaomlaumu kwa kusema, wiki ileile ya ushahidi, kwamba angempa Trump kura tena. Iliniuma hata mimi, na nafurahi kwamba baadaye alibadili kauli. Lakini Spika nampima kwa alichofanya akiwa kitini.

Julai chama chake Arizona kikamkaripia rasmi. Agosti akagombea Seneti ya jimbo, akabwagwa vibaya katika kura za mchujo za chama na David Farnsworth, aliyebarikiwa na Trump. Walioamua ni wanachama wenzake wa Mesa, mji wake mwenyewe.