Kadi za kuchapisha steshenari: ziruhusiwe mezani?

Jumapili moja mwezi uliopita, kwenye baraza tunalokutania Sinza, kijana wa kidato cha sita kutoka Mbagala alimfunga mtu mzima mwenye kazi yake mbili bila. Tulikuwa tunacheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mchezaji anakuja na fungu lake la kadi 60 alilolipanga mwenyewe nyumbani. Walipomaliza kupeana mikono, yule mkubwa akaomba kuliona fungu lililomshinda. Akachomoa kadi moja kwenye kifuko chake cha plastiki, akaigeuza. Mbele kulikuwa na karatasi iliyochapishwa steshenari. Nyuma yake, ili ipate ugumu, kulikuwa na karata ya kawaida, saba ya kopa. Akairudisha mezani taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, "kumbe umenifunga na fotokopi."

Hakusema kwa ubaya, na kijana hakuwa amemficha mtu. Hata hivyo tangu siku ile kijiwe chetu kimegawanyika. Wengine wanataka nakala ziruhusiwe kwenye mashindano yetu madogo, wengine wanasema asiye na kadi halisi asubiri mpaka azipate. Mimi niko upande wa kuruhusu, kwa masharti. Lakini wanaokataa nao wana hoja nzito, na moja kati ya hizo bado sijaipatia jibu.

Kwa asiyeijua michezo hii, Magic ilibuniwa na Richard Garfield na ikatolewa Marekani na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Kadi za Pokémon zikafuata Japani mwaka 1996, na Yu-Gi-Oh! ya Konami mwaka 1999. Zote zinauzwa zaidi kwa njia moja: pakiti iliyofungwa, ambayo unailipia bila kujua ndani yake kuna nini.

Sisi tuliokulia kwenye karata tuna namna yetu ya kuitazama haki ya mchezo. Kwenye arubastini pakiti ni moja, inachanganywa mbele ya macho ya wote, na turufu inamwangukia yeyote. Anayekuja na ree yake mfukoni anafukuzwa kijiweni. Kwenye kadi za kukusanya, kuja na ree yako mfukoni ndio mchezo wenyewe. Ufundi unaanzia nyumbani, unapochagua zipi ziingie kwenye fungu na zipi zibaki, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Lakini na pochi nayo inaanza kucheza hapo hapo.

Piga hesabu ndogo. Tangu mwaka 2008 Magic ina daraja la juu kabisa la kadi adimu, na kwa miaka mingi kadi ya daraja hilo ilipatikana takriban katika pakiti 1 kati ya 8. Toleo likiwa na kadi 15 za namna hiyo, na wewe unaitaka moja tu kati yake, utaikuta kwa wastani mara 1 katika pakiti 120. Boksi lililozoeleka lilikuwa na pakiti 36. Kwa hesabu hiyo, wakinunua boksi zima watu wanne, kila mmoja na lake, watatu kati yao watategemewa kuondoka bila ile kadi. Na sheria inaruhusu kuweka hadi kadi nne za jina moja kwenye fungu, kwa hiyo anayetaka kushindana kwelikweli haitafuti mara moja, anaitafuta mara nne. Kwa miaka mingi pakiti moja Marekani iliuzwa dola 4 hivi, karibu shilingi 10,000 za kwetu, kabla hujaweka nauli ya mzigo na ushuru. Unaweza pia kuagiza kadi moja moja badala ya pakiti, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeanza. Hata hapo, bahasha ya kadi nne inaweza kukutoza usafiri unaozidi thamani ya kadi zenyewe.

Sasa mtazame yule kijana. Kadi moja ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, kwa hiyo karatasi ya A4 inabeba kadi 9. Kurasa 7 zinamtosha kwa fungu zima. Alikata kwa wembe na rula juu ya meza ya jikoni kwao, akanunua pakiti mbili za karata za kuweka nyuma, na gharama yote, alivyotueleza, haikufika bei ya pakiti mbili za kadi halisi. Ukiliona fungu lile utajua mtu huyu amesoma. Hakurundika kadi kubwa kubwa. Alihesabu kadi ngapi za ardhi, zile za kulipia kadi nyingine mezani, zinamtosha, akaweka zile ndogo ndogo ambazo wengi wetu tunazidharau, akajua zamu ya ngapi atakuwa na nini mkononi. Kumwambia mtoto huyu arudi nyumbani mpaka apate fedha ni kumpoteza mchezaji, na sisi hapa Dar wachezaji ndio tunaowakosa kuliko kitu kingine chochote.

Wazazi nao wapo. Mama wa Kariakoo akisikia mwanawe anakwenda kucheza kadi, kichwani kinamjia kijiwe cha karata tatu, pale mtu anapoliwa nauli yake ya kurudi nyumbani mchana kweupe. Simlaumu. Kanuni za kwanza za Magic, mwaka 1993, zilitaka kila mchezaji aweke kadi moja kama dau, na mshindi azichukue zote. Utaratibu huo uliachwa zamani, lakini pakiti iliyofungwa bado ni ndugu wa karibu wa bahati nasibu: unalipa, unachana, moyo unadunda, unakuta takataka, unatamani nyingine. Nimeona mtu mzima akichana pakiti sita mfululizo bila kusoma hata kadi moja, macho yakitafuta tu ile yenye mng'ao. Nakala inamwondolea kijana kishawishi hicho chote. Anajua kadi gani anaitaka, anaichapisha, anakaa kucheza. Kwa mzazi anayeniuliza, hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza.

Upande wa pili unaanza na wakusanyaji, na hoja yao naipita haraka. Wanasema nakala zinashusha heshima na thamani ya kadi halisi. Sioni ushahidi. Mwaka 2021 Mmarekani Logan Paul alinunua kadi moja ya Pokémon iitwayo Pikachu Illustrator kwa dola 5,275,000, wakati picha ya kadi hiyo mtu yeyote anaipata bure kwenye simu. Kadi ile ilitolewa Japani mwaka 1997 na 1998 kama zawadi kwa washindi wa mashindano ya kuchora ya jarida la CoroCoro, na anayeinunua analipia historia hiyo. Karatasi ya steshenari haiigusi.

Hoja ya wachoraji ni nzito zaidi. Kila kadi ina mchoro wa mtu aliyekaa akauhangaikia, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Jiji hili halihitaji kufundishwa maumivu ya kunakiliwa. Wanamuziki wetu walisikia nyimbo zao zikiuzwa kwenye CD za kuchomwa, waigizaji waliona filamu zao zikigawanywa bila wao kupata hata senti, na wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay wanajua uchungu wa kukuta mtindo wako ukutani kwa mtu mwingine. Mimi niliyewahi kuwatetea wote hao siwezi kugeuka leo nikasema mchoro wa Mmarekani au Mjapani hauna mwenyewe kwa sababu yuko mbali.

Wanaotetea nakala hupenda kutaja tamko la Wizards of the Coast la Januari 2016, kwamba kampuni haina nia ya kuwafuatilia wanaotengeneza kadi za majaribio kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, hata wakizichezea dukani. Ni kweli, lakini lisomwe lote. Kilichozungumzwa pale ni kadi ambayo mtu ameandika jina la kadi nyingine kwa kalamu, isiyo na mchoro rasmi na isiyoweza kudhaniwa kuwa halisi hata kwa kutupia jicho. Kadi za yule kijana zilikuwa na mchoro, fremu, kila kitu. Na kwenye mashindano yanayotambuliwa rasmi, nakala ya mchezaji hairuhusiwi kabisa. Mwamuzi pekee ndiye anayeweza kutoa ya muda, kwa mfano kadi halisi ikiharibika katikati ya mashindano. Kijana wetu akipata nafasi ya kwenda kushindana nje ya nchi, fungu lake litaishia mlangoni.

Kampuni yenyewe, hata hivyo, haijasimama imara kwenye jambo hili. Mwaka 1996 iliahidi kwamba kadi kadhaa za zamani haitazichapisha tena, ili wakusanyaji wasipate hasara. Mwaka 2022, kuadhimisha miaka 30, ikauza pakiti nne kwa dola 999, ndani yake kukiwa na kadi hizo hizo za zamani zenye mgongo tofauti, zisizoruhusiwa kwenye mashindano rasmi. Yaani nakala, kwa bei inayozidi shilingi milioni mbili. Niliposoma habari ile nilikasirika, na bado nina hasira nayo. Anayeuza nakala kwa bei hiyo hana ubavu wa kumhubiria mwanafunzi wa Mbagala.

Tuje kwenye feki, maana hapa ndipo ninapokuwa mkali. Miaka michache nyuma nilibadilishana kadi na mtu tuliyekutana naye mjini. Nilimpa kadi tatu nilizozipata kwa shida, naye akanipa moja nzuri mno. Nyumbani usiku niliiweka juu ya taa ya simu, nikaweka na nyingine pembeni. Kadi halisi ina tabaka la buluu katikati ya karatasi, na mwanga unapita kwa namna yake. Yangu ilipitisha mwanga mweupe kama karatasi ya daftari. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Hasara ya fedha ilikuwa ndogo. Kilichouma ni kwamba tangu siku ile kila ninayeketi naye kubadilishana namkagua kama mwizi, na nusu ya raha ya mchezo huu ni kule kufungua albamu yako na kumwambia mwenzako, chagua.

Kwa hiyo tofauti ninayoitaka iandikwe ukutani ni hii: nakala inayojitangaza ni chombo cha kuchezea, inayojificha ni wizi. Iwe na alama kubwa mbele, iwe na mgongo wa karata, isiingie kwenye albamu ya kubadilishana, na isiuzwe hata kwa shilingi mia. Na ili mchoraji asinyonywe, isichapishwe na mchoro wake. Jina la kadi, gharama ya kuichezea mezani, maelezo ya inachofanya, basi. Mchezo unachezeka kwa maandishi matupu. Wanaosema haupendezi wana haki, ila mwenye njaa ya uzuri ndiye atafute halisi.

Kuna watakaosema vijana wachezee kwenye simu, bure. Kwa mazoezi nakubali. Lakini pakiti za kuchana zimejaa humo pia, bando linakwisha, na hakuna wa kupeana naye mkono.

Imebaki ile hoja niliyosema sina jibu lake. Kijiweni tuna kaka mmoja ambaye kwa miaka amekuwa akiagiza pakiti kwa fedha zake na kutuuzia kwa faida ndogo. Bila yeye wengi wetu tusingejua mchezo huu una sura gani. Baada ya ile Jumapili aliniita pembeni akaniuliza swali moja tu: "Mkiruhusu nakala, mimi namwagizia nani?" Nilimwambia wachezaji wakiongezeka wanunuzi wataongezeka, na nikajisikia vibaya nikiwa bado naongea, kwa sababu ni matumaini, si hesabu. Mtu anaweza kucheza na karatasi miaka mitano akaridhika. Na yeye akiacha kuagiza, siku kijana atakapotaka kadi halisi hatakuwa na pa kuipata.

Nilichopendekeza ni kwamba michango yetu ya kila wiki isitengeneze zawadi ya fedha, maana kiingilio na zawadi vikikaa pamoja tutaanza kufanana na kile wazazi wanachokiogopa. Michango inunue kutoka kwa kaka yule kadi moja moja halisi, ziwe za kijiwe, za kuazimana. Atauza kidogo kuliko zamani. Nimemwambia hivyo bila kumficha.

Jumapili iliyopita kijana wa Mbagala alirudi na fungu jipya. Ameacha kuchapisha. Ameandika kila kadi kwa kalamu, na kwenye nafasi ya mchoro amechora vyake: joka limekuwa chatu aliyejiviringisha kwenye mbuyu, askari amevaa kofia ya mgambo. Mistari imepinda, wino umevuja sehemu nyingine. Kaka anayeagiza pakiti aliishika ile ya chatu muda mrefu, akaigeuza, akaona saba ya kopa, akaigeuza tena. Akauliza kama anaweza kuchorewa moja. Kijana akasema sawa, lakini wabadilishane: anataka kadi moja halisi, yoyote ile, hata ya kawaida, awe na ya kuanzia.