Kufuli la Wimbo Humbana Aliyelipa

Wanamuziki wa Uganda wanaotaka nyimbo zao ziuzwe mtandaoni zikiwa na kufuli, yaani programu inayozuia kunakili, hawana hofu ya bure. Wimbo ukishatoka, vibanda vya Kampala huupakia kwenye memori kadi na flashi za wateja kwa pesa kidogo, na aliyeuimba hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 ipo, lakini nani ana uwezo wa kumshtaki kila mwenye kibanda?

Tazama hata hivyo kufuli humbana nani. Mteja wa kibanda huondoka na MP3 inayopigwa kwenye simu yoyote, ndani ya teksi, hata kwenye spika ya saluni. Aliyelipa kihalali ndiye hupewa faili isiyohama. Simu yake ikiibwa, itambidi aombe ruhusa upya kwa muuzaji, na muuzaji naye huweza kufunga duka. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kuzima seva, yaani kompyuta zilizotoa ruhusa hizo, za MSN Music, duka lake la nyimbo mtandaoni. Wateja walipiga kelele wakaongezewa muda, basi.

Kuna hesabu ambayo kila mtetezi wa kufuli angepaswa kuijibu. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika kwamba hadi mwisho wa 2006 Apple ilikuwa imeuza iPod, vifaa vyake vya mfukoni vya kusikilizia muziki, milioni 90 na nyimbo bilioni 2 zenye kufuli. Hiyo ni wastani wa nyimbo 22 kwa kila iPod, wakati ile iliyopendwa zaidi ilibeba 1,000. Nyingine zote zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye CD. Mwaka huo wa 2006 makampuni ya muziki yaliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli, na mtandaoni hazikufika bilioni 2 zilizofungwa. Kwa kila wimbo mmoja uliofungwa, makampuni yaleyale yaliuza kumi wazi. Mwizi ahangaike na ule mmoja wa nini? Ni kweli Jobs alikuwa na biashara yake ya kutetea, ila hesabu haibadiliki kwa sababu hiyo. Kampuni ya muziki ya EMI ilikubali kuuza bila kufuli Aprili 2007, na Januari 2009 Apple ikatangaza kuondoa kufuli kwenye nyimbo zote.

Kwa huduma za kulipia kila mwezi, kufuli nalikubali: hapo msikilizaji amekodi. Lakini tangu Julai 2021 bando za intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, na kusikiliza mtandaoni kila siku ni gharama. Faili uliyoinunua huipiga mara mia bila bando. Hiyo ndiyo bidhaa inayomfaa dereva wa bodaboda, mradi bei yake ilipike kwa pesa za simu.

Na vibanda viingizwe kwenye biashara hiyo. Wenye navyo tayari wanajua wateja wanataka nini. Wapewe leseni na faili safi, mgawo wa msanii uingie kwenye simu yake siku hiyohiyo.